Ruta kumi na moja, anwani moja

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninasimamia intaneti ya hosteli tano za wanafunzi huku Ng'ong'ona, Dodoma. Nina ruta 11 za masafa mawili, zote zina OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta) na zimeunganishwa kwa meshi, yaani mtandao wa ruta zinazopokezana data zenyewe kwa zenyewe, ya batman-adv. Ruta ya kwanza niliipanga vizuri, nikachukua nakala ya mipangilio yake na kuipakia kwenye zile kumi, kisha nikabadilisha jina la Wi-Fi kwa kila hosteli. Intaneti inaingia sehemu mbili: faiba kwenye hosteli ya kwanza, na 4G kwenye hosteli ya mwisho. Simu zinaunganika lakini nyingi hazipati intaneti. Siku nyingine zote zinapata, siku nyingine nusu. Mwanafunzi akivuka hosteli simu aliyokuwa akiongea inakatika, na huko mbali kasi ni ya kinyonga. Nipange vipi anwani, na kila ruta niiambieje ipitie wapi?

JIBU: Ndugu wa Ng'ong'ona, nianze na neno lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotezea wiki nzima. Ruta za meshi haziambiwi zipite wapi. Ukiandika njia kwa mkono kwenye ruta 11, siku moja ikizimika utapanda mapaa kumi kuandika upya. Kutafuta njia ni kazi ya itifaki, yaani kanuni ambazo ruta huongea kwazo, kazi yako ni anwani. Na kwa maelezo yako, kilichoharibika ni anwani; njia zenyewe huenda ziko salama.

Kila ruta na kila simu ina anwani mbili. MAC ni kama namba ya NIDA: ukihama Ng'ong'ona kwenda Nkuhungu unahama nayo. IP ni kama anwani ya makazi: inasema unakaa wapi, na ukihama unapewa nyingine. Postikodi za Dodoma huanza na 41, kwa hiyo anayechambua barua Mwanza hana haja ya kuijua nyumba yako. Akiona 41 anaitupa kwenye gunia la Dodoma. Ruta nayo ikiona mwanzo wa IP inajua upande wa kuelekeza. MAC haina msaada huo, tarakimu zake za mwanzo zinamtaja mtengenezaji tu. Meshi ya tabaka la pili, kama batman-adv yako, inapeleka kila kitu kwa kufuata MAC, na hosteli zote tano zinaonekana kama chumba kimoja chenye swichi moja kubwa. Meshi ya tabaka la tatu, kama ile ya Babel au OLSR, inafuata IP, na kila ruta inakuwa na mtaa wake.

Sasa tuone nakala uliyoipakia ilifanya nini. Ruta zote 11 zinajiita 192.168.1.1, na zote zinagawa anwani kwa DHCP (huduma ya kuzipa simu anwani) ndani ya chumba kile kimoja. Simu ikiomba anwani, inayowahi kujibu ni ruta iliyo karibu, nayo inasema: anwani yako ni hii, lango la kutokea ni mimi, 192.168.1.1. Ruta hiyo haina faiba wala 4G. Simu inaonyesha alama ya Wi-Fi imejaa, na hakuna kinachofunguka. Zaidi ya hapo, visanduku vingi vya faiba wanavyofunga watoa huduma navyo hutumia 192.168.1.1. Kama chako ni hivyo, ruta ya hosteli ya kwanza ina mtandao wa 192.168.1.0 upande wa nje na mwingine wa jina hilohilo upande wa ndani. Haiwezi kujua pakiti (kipande cha data kinachosafiri) inakwenda upande gani.

Hilo la "siku nyingine zote zinapata" nalo lina sababu. OpenWrt inapowaka huchungulia kama kwenye mtandao kuna DHCP nyingine, na ikiiona yake inajizuia. Umeme ukikatika na kurudi, ruta zote zinaamka pamoja kabla meshi haijashikana, kila moja inajiona iko peke yake, na zote zinaanza kugawa. Ukiwasha moja moja, ya kwanza ikiwa ile ya faiba, nyingine zinanyamaza na siku inakuwa njema. Kwa hiyo usiisingizie hali ya hewa. Angalia umeme ulikatika lini.

Kabla ya kugusa kitu, amua kama unabaki tabaka la pili. Kwa ruta 11 na watumiaji wanaotembea na simu mkononi, baki. Mwanafunzi akitoka hosteli ya pili kwenda ya nne, IP yake haibadiliki. Ruta ya nne inatangaza kwa wenzake kwamba MAC hii sasa iko kwangu, na mazungumzo yanaendelea baada ya kukwama kidogo. Kwenye tabaka la tatu angepewa anwani ya mtaa mpya na simu ya WhatsApp ingekatika pale getini. Lakini faida hiyo unaiua mwenyewe kwa kuipa kila hosteli jina lake la Wi-Fi. Weka jina moja na nywila moja kote. Kuna sababu nyingine pia: tangu Android 10 na iOS 14, simu hutengeneza MAC ya bandia kwa kila jina la mtandao. Majina matano maana yake simu moja inajitokeza kama watu watano na kula anwani tano.

Anwani zenyewe zigawe hivi. Chukua 10.77.0.0/21, maski 255.255.248.0. Inaanzia 10.77.0.1 hadi 10.77.7.254, jumla anwani 2046, na iko mbali na 192.168.1 ya kisanduku cha faiba. Namba 77 haina maana maalumu; nimeepuka 10.0.0 na 10.1.1 kwa kuwa kila mtu anazitumia, na siku moja utataka kujiunga na jirani. Ruta ya faiba iwe 10.77.0.1, ya 4G iwe 10.77.0.2, na zile tisa ziwe 10.77.0.11 hadi 10.77.0.19. Namba hizo ziandike kwa rangi kwenye makasha ya ruta. Karatasi ya gundi kwa jua la Dodoma haimalizi mwaka.

DHCP ibaki kwenye malango mawili tu, kila moja na fungu lake lisilogusana na la mwenzake. Lango la faiba ligawe 10.77.2.1 hadi 10.77.4.254, la 4G ligawe 10.77.5.1 hadi 10.77.7.254. Kwenye OpenWrt hapa watu hukosea hesabu: thamani ya start inahesabiwa kutoka mwanzo wa mtandao, haiandikwi kama anwani. Kwa la faiba ni start 513 na limit 766. Kwa la 4G ni start 1281 na limit 766. Ukiacha limit ya kiwandani, ambayo ni 150, mwanafunzi wa 151 atakaa bila anwani. Kwenye malango yote mawili ongeza option force '1', la sivyo lango la 4G likiisikia DHCP ya faiba wakati wa kuwaka litajizuia, na siku faiba ikikatika hakuna atakayepewa anwani. Kwenye ruta tisa zilizobaki weka option ignore '1', na uzime pia ra na dhcpv6, maana hizo nazo hutangaza "lango ni mimi" kwa upande wa IPv6.

Muda wa kukodisha anwani wa kiwandani ni saa 12. Ushushe hadi dakika 30, na sababu utaiona kwenye malango.

Ziteremshe ruta zote, zipange mezani, uzipangie kwa waya. Kuzibadilisha zikiwa juu ya paa ni kukata tawi ulilokalia: ukibadilisha anwani ya ruta ya katikati unapoteza zote zilizo nyuma yake. Zirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kwanza. Usirekebishe nakala ya zamani. Nakala hubeba pia mistari ya macaddr kama uliwahi kuiweka, na ruta mbili zenye MAC moja zinaipoteza kabisa itifaki ya njia. Kisha ondoa kifurushi cha programu cha wpad-basic-mbedtls na uweke vya wpad-mesh-mbedtls, kmod-batman-adv na batctl-full. Kwenye /etc/config/network ya ruta ya kawaida, sehemu zinazohusika ni hizi:

config interface 'bat0'
  option proto 'batadv'
  option routing_algo 'BATMAN_IV'
  option gw_mode 'client'

config interface 'mesh0'
  option proto 'batadv_hardif'
  option master 'bat0'
  option mtu '1532'

Kisha bat0, yaani mlango wa kuingilia kwenye meshi, iingize kwenye daraja la br-lan (linalounganisha milango ya ndani kuwa mtandao mmoja) pamoja na matundu ya waya na Wi-Fi ya wanafunzi. IP ya ruta inakaa kwenye br-lan. Redio ya meshi yenyewe haihitaji IP, na ukiipa utazua mtandao wa pili usio na kazi. Kwenye /etc/config/wireless:

config wifi-iface 'mesh0'
  option device 'radio1'
  option mode 'mesh'
  option mesh_id 'ngongona'
  option mesh_fwding '0'
  option mcast_rate '12000'
  option encryption 'sae'
  option key 'nywila-ndefu'
  option network 'mesh0'

Hakikisha radio1 ndiyo ya 5 GHz, kwa baadhi ya ruta namba zimegeuzwa. Mstari wa mesh_fwding '0' usiuruke. Meshi ya 802.11s, yaani ile ya Wi-Fi yenyewe, ina itifaki yake ya kutafuta njia, HWMP, na ukiiacha hai chini ya batman-adv utakuwa na madereva wawili kwenye usukani mmoja. Batman ataona ruta ya mbali kama jirani wa mruko mmoja (safari ya kutoka ruta moja hadi nyingine), kumbe kuna miruko mitatu iliyofichwa chini, na hesabu zake zote zinakuwa za uongo.

Ile MTU 1532, yaani ukubwa wa juu wa fremu (pakiti ikiwa imefungashwa kwa safari), ni kwa sababu batman-adv huongeza kichwa chake juu ya kila fremu, hadi baiti 32. Ukiacha 1500, fremu kubwa zinakatwa vipande viwili, na kila kipande kinagombea hewa upya. Jaribu kwa ping -s 1472 kati ya ruta mbili za mbali: hizo 1472 na baiti 28 za vichwa ni 1500 kamili. Ping ndogo ikipita na hii ikakwama, tatizo ni ukubwa wa pakiti, usihangaike na antena.

Sasa njia. Kila ruta hutoa tangazo dogo, kwa kawaida kila sekunde moja: "mimi fulani nipo, hili ni tangazo langu namba kadhaa." Majirani wanalisikia, wanalirudia kwa majirani zao, na kila anayerudia anapunguza alama ya ubora kulingana na hali ya kiungo alicholisikilia. Alama ya juu ni 255. Ruta ya hosteli ya tano ikisikia matangazo ya lango la faiba kupitia jirani A yana alama 190, na kupitia jirani B yana 140, inaandika jambo moja tu: kwenda kwenye lango, mpe A. Haijui A atampa nani. Hakuna ruta yenye ramani nzima, na ndiyo maana ruta moja ikizimika nyingine hazihitaji kuambiwa. Matangazo yake yanakoma, na yale yaliyopita njia nyingine yanashika nafasi.

Kwa nini itifaki isichague tu njia yenye miruko michache? Chukua kipimo kiitwacho ETX, yaani pakiti moja inahitaji kurushwa mara ngapi kwa wastani ili ifike na kuthibitishwa. Unagawa moja kwa zao la uwezekano wa kwenda na wa kurudi. Tuseme hosteli ya nne inaisikia ya kwanza moja kwa moja, lakini kwa shida: nusu ya pakiti zinapotea kila upande. Nusu mara nusu ni 0.25, kwa hiyo ETX ni 4. Kupitia hosteli ya pili, kila kiungo kikiwa kinapitisha asilimia 95 kila upande, ETX ya kiungo kimoja ni 1.11, na vyote viwili 2.22. Miruko miwili mizuri inaishinda mmoja mbovu karibu mara mbili. BATMAN_IV, toleo la itifaki tuliloweka hapo juu, haitumii fomula hiyohiyo, lakini mantiki ni hiyo.

Kuna udanganyifu mmoja hapa. Matangazo husafiri kwa kasi ya chini kabisa ya redio, na kwa kasi hiyo hata kiungo kibovu kinasikika. Itifaki inakisifu, unapitisha video, kinaanguka. Ndiyo kazi ya mcast_rate '12000': matangazo yanarushwa kwa 12 Mbps, na kiungo kisichoweza hata hizo kinatoweka kwenye hesabu chenyewe. Ukiona kiungo ulichokitegemea kimepotea baada ya kuweka mstari huu, usiufute. Kilikuwa kinakudanganya.

Viungo vinabadilika na majira pia. Uliyoyapima Agosti, miti ikiwa imepukutika, siyo utakayoyakuta Januari mvua zikishaanza na migunga ikishavaa majani. Kwa 5.8 GHz na umbali wa mita 300, eneo linalotakiwa kuwa wazi katikati ya njia lina nusu kipenyo cha karibu mita 2, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 1.2, isiguswe na kitu. Antena iliyolala kwenye bati haina nafasi hiyo. Bomba la mita mbili juu ya paa linafanya kazi kuliko ruta ya bei mbaya.

Tuje kwenye malango mawili, maana hapa tabaka la pili lina udhaifu wa kweli. Kwenye ruta ya faiba andika gw_mode 'server' na gw_bandwidth kulingana na kifurushi chako, kwa mfano '20mbit/10mbit'. Ya 4G vivyo hivyo kwa kasi yake. Ruta tisa zikiwa client, ombi la DHCP la simu halisambazwi tena kote bali linapelekwa kwa lango moja lililochaguliwa. Faida ya ziada ni kwamba maombi ya hosteli nyingine hayaifikii DHCP ya kuchomeka iliyo upande wa wateja wa ruta moja. Mwanafunzi akichomeka ruta yake ya dukani kwenye tundu la waya, atawavuruga wa ruta hiyo tu, hosteli nyingine zitasalimika. Lakini simu ikishapewa lango 10.77.0.1, imeshikamana nalo. Faiba ikikatika wewe ukiwa mjini, simu haihamii kwenye 4G papo hapo. Kwa mkopo wa anwani wa dakika 30, simu hujaribu kuhuisha dakika ya 15 kwa lango lilelile, na ikikosa jibu, karibu na dakika ya 26 inauliza kwa yeyote. Kwa saa 12 ingesubiri zaidi ya saa kumi. Anayetaka haraka azime Wi-Fi na kuiwasha. Angalia pia: ruta ya faiba ikiwa hai lakini waya wa faiba umekatwa na greda huko barabarani, bado inajitangaza kuwa lango. Weka kijiprogramu kwenye cron (ratiba ya kazi za ruta) kinachopiga ping kwa anwani mbili za nje kila dakika, zote zikikosekana kibadilishe gw_mode kuwa off na kusimamisha DHCP. Bila hicho utakuwa na lango linaloalika wageni kwenye nyumba isiyo na chakula.

Na usitarajie faiba ya 20 na 4G ya 10 zikupe 30 kwa simu moja. Kila simu inatoka mlango mmoja.

Kasi ya huko mbali. Ruta inayopokea na kurusha kwa redio moja kwenye chaneli moja haiwezi kufanya yote kwa wakati mmoja. Kama mruko mmoja unakupa 60 Mbps, miwili ina dari ya 30, mitatu 20, na hapo sijahesabu migongano. Hakuna itifaki itakayoiondoa hesabu hiyo. Kwanza, redio ya 5 GHz iachie meshi peke yake, wanafunzi wabaki 2.4 GHz, labda kwa jengo lenye ruta mbili ambapo moja unaweza kuiachia kazi ya simu tu. Pili, na hili lina nguvu kuliko yote, faiba yako imeingia kwenye hosteli ya kwanza, ukingoni kabisa. Hosteli zikiwa kwenye mstari, wa mwisho anavuka miruko yote. Ukihamishia lango hosteli ya tatu, miruko ya aliye mbali zaidi inapungua nusu. Kati ya kisanduku cha faiba na hosteli hiyo pitisha waya wa kawaida kama haizidi mita 100, lakini majengo yakiwa na mita tofauti za umeme nakushauri uvute faiba fupi na vigeuzi viwili: radi za Desemba hupita kwenye waya wa shaba na kuunguza ruta pande zote mbili.

Ukiwa na waya kati ya hosteli mbili ambazo zote ziko kwenye meshi, usiuchomeke kwenye br-lan pande zote. Matangazo yatazunguka waya, yarudi hewani, yaende tena, na mtandao utalala ndani ya sekunde chache. Tundu hilo litoe kwenye daraja na ulifanye batadv_hardif kama redio; batman atauona waya kuwa njia nzuri na kuupendelea. Swichi ya katikati lazima ipitishe fremu zaidi ya 1500. Bridge_loop_avoidance iwe imewashwa, kwa ajili ya yule atakayechomeka waya bila kukuuliza.

Chaneli ya 5 GHz iwe moja kwa ruta zote, isiwe "auto". Weka option country 'TZ' kisha iwinfo radio1 freqlist itakuonyesha zilizopo. Kama 149 hadi 161 zimo, chukua mojawapo. Chaneli 52 hadi 144 zina sharti la kusikiliza rada. Ruta moja ikidhani imesikia rada inahama, na meshi inakatika vipande viwili bila wewe kuelewa kwa nini.

Kitu kitakachokulazimisha kuhama tabaka la pili siku moja ni kelele. Kila simu inayouliza "nani ana 10.77.0.1?" inauliza chumba kizima, na batman-adv hurudia tangazo la namna hiyo mara tatu kwenye kila redio ili lisipotee. Ruta 11 mara tatu ni mirusho 33 kwa swali moja la simu moja. Orodha ya pamoja ya ARP (IP ipi ni ya MAC ipi) ndani ya batman-adv huipunguza, na ukiwasha ap_isolation simu hazisumbuani. Lakini ukifika ruta arobaini, au ukiunganisha mitaa miwili, gawa. Hapo kila ruta inapata /24 yake (fungu la anwani 254), mfano ruta ya 13 inapata 10.78.13.0/24, na Babel inatangaza mitaa hiyo. Kosa la kawaida huko ni kuipa redio ya meshi anwani yenye /24. Ruta inadhani wote wa /24 hiyo ni majirani wa kugusana, inaita ruta iliyo miruko mitatu mbali, haiitikiwi. Anwani ya redio ya meshi iwe /32, yaani anwani moja tu, na itifaki ndiyo iseme nani yuko wapi.

Ukishapandisha ruta paani, andika faili /etc/bat-hosts kwenye kila moja, MAC na jina kwa mstari, uone "hosteli3-paa" badala ya tarakimu kumi na mbili. MAC hiyo iwe ya redio ya meshi, siyo ya lebo nyuma ya kasha. Kisha batctl n ionyeshe majirani. Aliyesikika mara ya mwisho zaidi ya sekunde tano zilizopita anayumba. batctl o inaonyesha alama na jirani aliyechaguliwa. batctl gwl inaonyesha malango, na nyota iko kwa lililochaguliwa. batctl tr inakupa miruko yote hadi ruta uitakayo, na batctl tp inapima kasi kati ya ruta mbili bila simu wala faiba kuhusika. Pima kiungo kimoja kimoja kutoka langoni kwenda nje. Pale kasi inaposhuka zaidi ya nusu kwa mruko mmoja ndipo pa kupanda ngazi. Ukiona njia inabadilika kila sekunde chache kati ya majirani wawili wenye alama karibu sawa, ongeza orig_interval hadi 3000. Ruta zako hazitembei, hakuna haja ya kujitangaza kila sekunde.

Na ukijifungia nje kwa kukosea IP, usipande paa bado. Kila ruta ina anwani ya IPv6 inayoanza na fe80, inayotokana na MAC, isiyotegemea DHCP wala mpango wako. Ingia kwenye ruta yoyote unayoifikia, andika ping ff02::1%br-lan, na zote zilizo hai zitaitika, pamoja na simu zilizounganika. Itambue ruta yako kwa MAC, kisha ingia kwa ssh root@fe80::…%br-lan. Hiyo imeokoa ngazi nyingi.

Jambo dogo pembeni: kama wanafunzi wanakulipa kwa ajili ya intaneti, ulizia leseni TCRA kabla mtandao haujakua, na pia kama mkataba wako wa faiba unaruhusu kuwagawia wengine.

Ukimaliza yote, zima swichi kuu ya hosteli zote kwa dakika tano, washa kwa pamoja, subiri dakika tatu, kisha chukua simu mbili hadi hosteli ya tano. Kila moja iwe na anwani inayoanza na 10.77.2 hadi 10.77.7, na lango la 10.77.0.1 au 10.77.0.2. Ukikuta 192.168.1 popote, kuna ruta moja umeisahau kwenye paa.